Kasuku wa kijivu: mdomo uliorefuka, manyoya aliyojinyonyoa, na pa kuanzia kutafuta chanzo

Kabla hujashika mkasi, tafuta mizani. Ile ya jikoni ya kupimia unga inatosha. Mzoeshe kasuku wako kusimama juu yake kila asubuhi kabla hajala, na uandike gramu kwenye daftari. Kasuku wa kijivu aliyekomaa huwa na gramu 400 hadi 500 hivi. Ndege hana desturi ya kuonyesha kwamba anaumwa; huko msituni anayezubaa ndiye anayenyakuliwa na mwewe, kwa hiyo hata sebuleni kwako atajikaza mpaka siku ya mwisho, na manyoya aliyoyafutua yatakuficha kifua kilichokonda. Mizani haidanganyiki. Ndege wa gramu 450 akishuka hadi 405, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama mdomo na manyoya bado yanapendeza.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu tukimwona kasuku ana mdomo mrefu au upara kifuani, tunakimbilia kutibu mdomo na upara. Pale ndipo tatizo linapojitokeza tu. Linapoanzia, mara nyingi, ni kwenye bakuli la chakula, kwenye ini, kwenye hewa ya nyumba au kwenye upweke.

Ninayemzungumzia ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule wa misitu ya Kongo na Uganda hadi kona ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, kwa kuwa ndiye ninayeishi naye. Mengi ya hapa yanawafaa kasuku wengine pia; pasipofaa nitasema.

Kwanza, mdomo mzima unakuwaje

Ndani ya mdomo kuna mfupa. Juu ya mfupa kuna ganda la keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha zetu na kwato za ng'ombe. Ganda hilo linakua maisha yote na linalika kwa kutafuna, kumenya na kujisugua. Karibu na ncha kuna mishipa ya damu na ya fahamu. Kwa hiyo mdomo wa kasuku si kipande cha pembe kilichokufa, ni kiungo chenye hisia kali ambacho anakitumia kama sisi tunavyotumia vidole. Taya lake la juu nalo lina bawaba yake, linanyanyuka lenyewe. Mwangalie anapopiga miayo utaliona.

Haya yafuatayo ni ya kawaida, yasikutie hofu. Akimaliza kula embe anapangusa mdomo kwenye kijiti, upande huu na upande huu. Vigamba vyembamba, mfano wa karatasi ya kitunguu, vinabanduka pembeni mara kwa mara. Na usiku, taa zikishapunguzwa, utasikia sauti ya kukwaruza, kama mtu anasaga punje za mchele kwa meno polepole. Anasaga mdomo. Kasuku anayefanya hivyo ametulia na anakaribia kusinzia. Usimwamshe kumuuliza ana nini.

Jambo moja zaidi la kukariri: mdomo wa kasuku wa kijivu ni mweusi, lakini hauonekani mweusi tii. Umefunikwa na vumbi jeupe linalotoka kwenye manyoya yake ya malaika. Upitishe kidole, kitatoka na unga kama wa chaki. Utalihitaji hilo mbele kidogo.

Mdomo wa juu umerefuka, umekuwa laini au unabanduka magamba manene

Wangu, Zuhura, alikuja kwetu Tanga akiwa mkubwa tayari, pamoja na karatasi zake, kutoka kwa jamaa aliyehama. Kwa miaka mingi alikuwa amelishwa alizeti na karanga. Ncha ya mdomo wa juu ilikuwa imeshuka hadi inagusa manyoya ya koo. Mtu mmoja tuliyeambiwa ana mkono mzuri akaukata kwa kikata kucha. Ganda likapasuka kwa urefu, damu ikatiririka, na kwa siku 4 hakula ila uji niliomlisha kwa kijiko, akiwa amejikunyata pembeni ya tundu. Wiki 7 baadaye ncha ilikuwa imerudi palepale. Hapo ndipo tulipompeleka kwa daktari, akachukua damu, na majibu yakaonyesha ini limelemewa na mafuta.

Nimesimulia hayo ili uelewe mpangilio wa kutafuta chanzo. Mdomo unaorefuka haraka kwa ndege aliyekomaa, hasa ukiwa laini au una magamba manene, unamwelekeza daktari kwenye ini kabla ya kitu kingine chochote. Kwa kasuku wenye mdomo mweupe au wa njano utaona na madoa meusi, kama damu iliyovilia chini ya ukucha. Dalili za kuandamana nazo ni kitambi, uvivu wa kuruka, na mkojo kwenye kinyesi, ile sehemu nyeupe, kugeuka kijani au njano.

Alizeti ina mafuta mengi, ina kalsiamu kidogo, na vitamini A ni kama haimo. Karanga zina hatari yake nyingine. Zikipata unyevu zinaota ukungu unaotoa sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na sumukuvu hushambulia ini. Mtu hupepeta karanga nzuri akala mwenyewe, zile zilizosinyaa na zenye weusi akamtupia ndege. Tafadhali acha. Karanga usiyoweza kumpa mwanao usimpe kasuku.

Kubadilisha chakula kunataka subira. Usimwondolee mbegu siku moja, kwani kasuku anaweza kushinda njaa mbele ya sahani ya mboga asiyoitambua kama chakula. Nilichofanya ni hiki: asubuhi na mapema, njaa ikiwa kali, naweka boga lililochemshwa, viazi lishe, karoti iliyoparuzwa, sukuma wiki au majani ya kunde, choroko zilizooteshwa, mahindi mabichi. Mbegu zinakuja jioni, kijiko kimoja. Wiki 2 za kwanza Zuhura alichukua kila kipande cha boga, akakitazama kwa jicho moja, akakiachia sakafuni. Nikaanza kula boga mbele yake huku nikisifia. Siku ya 17 alikuja kunipokonya la mdomoni. Wakati wote huo mizani ilikuwa kazini. Asingekula gramu zingeshuka, ningemrudishia mbegu nikaanza upya.

Pilipili usiogope, ndege hawausikii ukali wake. Na kama uko Kigoma au Kongo au unapata mawese safi, matone machache juu ya viazi ni chakula anachokijua tangu asili yake, maana porini kasuku hawa hula matunda ya michikichi, na mawese yana vitamini A tele. Matone, si kijiko. Parachichi, chokoleti, kahawa na pombe ni sumu kwake, hata kidogo.

Ini likiwa zima, basi angalia kutafuna. Tundu lenye kijiti kimoja cha plastiki laini halimpi mdomo kazi. Mpe matawi ya mpera yasiyopuliziwa dawa, magunzi, vifuu vya nazi, ukindu uliosukwa, maboksi ya karatasi ngumu. Ukiwa pwani, okota mfupa wa dome ufukweni, uloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji, uuanike jua kali, kisha uufunge kwenye nyavu za tundu. Atapata kalsiamu na msasa kwa pamoja.

Kwa wale kasuku wadogo wa Australia, wa kijani na bluu wanaouzwa kwa jozi, kuna chanzo kingine cha kawaida. Ukiona utando mkavu wenye vitundu vitundu kama sega la nyuki kuzunguka mdomo, macho na miguu, ni utitiri. Unatibika vizuri kwa dawa ya daktari. Usimpake mafuta ya taa wala oili ya gari. Ndege anayalamba anapojisafisha na yanamuua.

Mdomo uliopinda upande, wa juu na wa chini visikutane, hutokana na kuumia au na kasoro ya tangu utotoni. Huo utahitaji kusawazishwa na daktari kila baada ya muda, kwa kifaa cha kusaga, si cha kukata.

Mdomo mweusi umeanza kung'aa

Mgeni atakuambia kasuku wako amependeza. Wewe kumbuka ule unga wa chaki. Kasuku wa kijivu ambaye mdomo wake unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na kidole kikitoka hakina vumbi, manyoya yake ya malaika hayafanyi kazi. Upo ugonjwa wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo wa kasuku, na hii ni mojawapo ya dalili zake za mapema. Nyingine ni manyoya mapya yanayoota yamebanwa shingoni mwa shina, yamejikunja, au yana damu iliyoganda ndani. Hauna tiba, na unasambaa kwa ndege wengine kupitia vumbi na kinyesi; binadamu haumpati. Mtenge, osha mikono na ubadilishe nguo kabla ya kugusa ndege mwingine, na uombe kipimo cha damu. Usihukumu kwa macho peke yake, maana kasuku aliyetoka kuoga sasa hivi naye hung'aa.

Mdomo umepasuka au unatoka damu

Piga hesabu hii. Damu yote ya ndege ni karibu sehemu ya kumi ya uzito wake. Kasuku wa gramu 450 ana takriban mililita 45, na akipoteza zaidi ya kijiko kimoja cha chai anaingia hatarini. Kwa hiyo mfunge kwa taulo bila kumbana kifua (ndege hupumua kwa kutanua kifua, ukikibana anakosa hewa), bandika unga wa wanga wa mahindi kwenye ncha inayovuja, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 3 hadi 5. Zima feni, weka giza, mwache atulie. Unga huo ni wa ncha ya mdomo na ukucha tu, usiujaze kwenye jeraha la nyama. Damu ikikata, daktari bado anahitajika iwapo ganda limepasuka hadi mfupa au anashindwa kula. Mpe chakula laini.

Anauma

Wengi wanaosema kasuku wao anauma, mwanzo hakuwa anauma. Mdomo kwake ni mguu wa tatu. Unapomletea mkono apande, kwanza anainama na kuushika kwa mdomo apime kama ni imara, jinsi wewe unavyojaribu ngazi kwa mguu. Mtu anaogopa, anavuta mkono, ndege anaanguka. Yakitokea mara tatu amejifunza mambo mawili: mkono huu si wa kuaminika, na nikitoa mdomo mkono unaondoka. Tiba ni kuuacha mkono ukiwa umetulia. Kama huwezi, mletee kijiti apande hicho mpaka hofu yako iishe.

Kuuma kwa hasira kuna matangazo. Mboni za macho zinabana na kutanuka haraka, manyoya ya shingo yanasimama, mwili unarudi nyuma. Ukiyaona, ondoka. Usimpige mdomo kwa kidole wala kupiga kelele. Kwa kasuku kelele ni mazungumzo matamu, atarudia ayasikie tena.

Akiuma kwa msimu tu, huku anatapika chakula mbele yako na kujificha chini ya makochi, anataka kutaga au kupanda. Msugue kichwa na shingo peke yake. Kumpapasa mgongo na chini ya bawa ndiko kunakomtia kwenye hali hiyo. Ziba pia mashimo na pembe za giza anazozifanya kiota.

Anajinyonyoa manyoya

Hili ndilo linaloumiza zaidi kulitazama, na ndilo linalochukua muda mrefu zaidi kulitatua. Tulia, ulichambue hatua kwa hatua.

Angalia upara uko wapi. Kasuku hawezi kufikia kichwa chake kwa mdomo. Kama kifua, mapaja na chini ya mabawa pako wazi lakini kichwa kina manyoya yote, anajinyonyoa mwenyewe. Kama kichwa nacho kina upara, ama ndege mwenzake anamnyonyoa, ama ni ugonjwa.

Kisha okota manyoya sakafuni. Unyoya mzima wenye ncha safi, mmoja mmoja kila siku, na mahali pake hapaonekani pengo, huko ni kupukutika kwa kawaida. Katika kipindi hicho kichwa hujaa miiba midogo. Ni manyoya mapya yaliyo ndani ya ala. Ala ikishakuwa nyeupe na kavu unaweza kumsaidia kwa kuisugua taratibu kwa vidole, naye atafumba macho kwa raha. Ikiwa bado ya bluu au nyeusi ina damu ndani, usiiguse. Ukikuta vipande vilivyotafunwa, au shina lina damu mwishoni, hapo kuna tatizo.

Magonjwa yaondolewe kwanza: maambukizi ya ngozi, ini, minyoo na vijidudu vya tumbo, upungufu wa kalsiamu na vitamini A, na sumu ya madini. Hii ya mwisho watu huisahau. Matundu mengi tunayochomelewa mtaani ni ya waya uliopakwa zinki, na kasuku anautafuna kutwa. Tundu jipya la waya huo lisugue kwa brashi na siki, suuza, anika, rudia, na hata hivyo ukipata uwezo tafuta la chuma kisicho na mipako hiyo.

Daktari asipoona ugonjwa, kagua nyumba. Sisi wa pwani tunafukiza udi na ubani. Ni mila yetu na sisemi tuiache, ila kasuku atolewe barazani kwanza, arudi moshi ukishaisha. Mapafu ya ndege na vifuko vyake vya hewa vinanyonya kila kilichomo hewani, na mabaki yake yanatua kwenye manyoya yanayomwasha. Dawa ya mbu ya kupulizia na ile ya kuwasha, jiko la mkaa ndani, sigara, manukato, vyote viko kundi hilo. Kikaango kisichonata kikipata moto kupita kiasi kinatoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili.

Kuoga nako. Huyu ni ndege wa misitu ya mvua. Mnyunyizie maji matupu ya uvuguvugu kama manyunyu asubuhi, mara 3 au 4 kwa wiki, akauke kabla ya jioni. Anayekaa chumba chenye kiyoyozi, au mtu wa Dodoma wakati wa kiangazi, amwogeshe kila siku. Utamwona baada ya hapo akigeuza shingo mpaka kwenye tezi ya mafuta juu ya mkia, anachota kwa mdomo, anapaka unyoya mmoja mmoja kuanzia shina hadi ncha. Anayejipanga hivyo kwa utulivu ananufaika. Anayejichokoa pale pale, haraka haraka, huku akilia, bado anawashwa.

Usingizi wake ni saa 10 hadi 12 za giza. Kwao jua linazama karibu saa 12:30 mwaka mzima. Kwetu tundu liko sebuleni na televisheni inazimwa saa 5 usiku. Nilipomhamishia Zuhura chumba cha nyuma kila magharibi, kifua chake kilianza kuota malaika ya kijivu ndani ya wiki 6.

Na upweke. Porini wanalala kwa makundi makubwa, wanaitana kutwa. Aliyefungiwa peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni anajipatia kazi iliyo karibu, nayo ni manyoya yake. Mfiche chakula ndani ya magunzi na maboksi ili akitafute, mtoe nje ya tundu kila siku, ongea naye unapopika mbali na moshi. Akijinyonyoa usimkimbilie kwa kelele. Mwite kwa sauti ya kawaida, umpe cha kutafuna, umsifie akikishika.

Kukata mabawa huanzisha tatizo hilihili: mashina yaliyokatwa yanamchoma ubavuni, anayatafuna, anaendelea na mengine. Ukilazimika, yafanywe na daktari, pande zote mbili sawa. Kola ya shingoni na dawa chungu za kupulizia usitumie kwa uamuzi wako, zinaongeza msongo. Na usichelewe, kwa sababu tundu la unyoya linalong'olewa tena na tena hufa, halioti tena.

Anapiga chafya na kusugua pua

Chafya mbili tatu kwa siku si kitu, ana vumbi lake mwenyewe. Pua moja ikiziba, ikatanuka, au manyoya juu yake yakawa yamelowa, kasuku wa kijivu huwa wanapata jiwe la uchafu mkavu puani, mara nyingi kwa kukosa vitamini A. Usilichokoe kwa sindano, litoke kwa daktari. Chafya pamoja na kinyesi cha kijani na unyonge ni jambo la haraka, na wewe vaa barakoa unaposafisha tundu. Yapo maambukizi ya bakteria ambayo kasuku humpa binadamu homa ya mapafu. Ukianza kuumwa, mwambie daktari wako unafuga kasuku.

Unapokwenda kwa daktari

Kasuku wa kijivu yupo Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu Januari 2017, na kumfuga kunataka kibali cha mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako. Kenya ni KWS, yaani Kenya Wildlife Service. Nawajua watu wanaoogopa kumpeleka ndege hospitali kwa kuwa hana karatasi, na ndege anateseka ndani. Shughulikia kibali mapema, akiwa bado mzima.

Madaktari wengi wa mifugo wamezoea kuku na ng'ombe, kwa hiyo piga simu uulize kama anatibu kasuku na kama ana mahali pa kupeleka damu ikapimwe. Safiri alfajiri kabla ya jua, ndege awe kwenye boksi lenye matundu na taulo chini ili asiteleze. Beba picha za mdomo ulizopiga kwa ubavu, leo na za mwezi uliopita, manyoya uliyookota kwenye bahasha, kinyesi cha asubuhi kwenye mfuko safi, orodha ya kila anachokula bila kuficha biskuti za watoto, na lile daftari la gramu.